Leo Haumwi Mtu

Kijiwe chetu kinatazamana na geti la hospitali ndogo, na chumba cha kwanza ukiingia ndicho cha dharura. Humo anafanya kazi binti mmoja. Kibao kilichopauka kinasema Daktari Msaidizi, nasi tunamwita Msaidizi, ingawa huyo daktari anayesaidiwa hatujawahi kumtia machoni; yuko mjini, kwenye simu. Mguu uliovunjika, homa ya mtoto, uzazi uliogoma, yote yanamwangukia binti huyo huyo na muuguzi wake mmoja. Juzi alivuka barabara akanywa kahawa nasi, akatuambia mama yake amepasuliwa mtoto wa jicho, na leo anafunguliwa bandeji. Msiba wa baba yake aliukosa kwa kukosa wa kumshikia zamu. Safari hii ameomba mapema, na wakubwa wanamjibu kwamba wanalishughulikia. "Pakitulia mpaka basi la asubuhi lifike, nitakwenda, jioni nirudi," alisema. "Akiwepo mgonjwa hata mmoja, sitoki." Akaaga. Hapo hapo kijiwe kikapitisha azimio: siku hiyo haumwi mtu.

Leo ndiyo siku yenyewe, na wote tumewahi. Mimi fundi viatu nimeshika kiatu kwa kuzugia tu. Mama Buli, muuza kahawa wetu, anamimina. Waziri, karani mstaafu ambaye hajapata kuwa waziri wa chochote, amevaa koti la mikutano. Pancha, dereva wa pikipiki, amekuja kwa miguu.

— Chombo kiko wapi? nikamwuliza.

— Nimekifungia ndani, ufunguo nimempa mke wangu. Na wenzangu nimewaambia, atakayekimbiza pikipiki leo tunamtoa upepo, mbele na nyuma.

— Safi sana, akasema Waziri. Mimi nimepita shuleni, mpira umefutwa. Halafu nikapita kwa fundi paa, nikamchukulia ngazi.

— Akakupa?

— Hakuwa na la kusema. Yuko juu ya paa.

Mama Buli akaliweka buli chini.

— We Waziri! Sasa atashukaje?

— Hashuki. Watu huanguka wakati wa kupanda na kushuka. Akitulia pale katikati, ni mzima kuliko mimi na wewe.

— Na jua je?

— Nimemrushia kofia.

Kwa mbali tulimsikia mtu anaita, lakini hatukumjali.

— Mimi nawaza wanandoa, akasema Pancha. Nusu ya vichwa vinavyoshonwa pale vinatoka chumbani kwa mtu. Tungetangaza mume na mke wasisemezane mpaka saa sita.

— Mbona wewe na wako mmeanza tangu wiki jana? akauliza Mama Buli.

— Sisi tunatoa mfano.

— Na wajawazito? nikauliza, maana nami nilikuwa nimeshanogewa.

— Nimewatumia salamu waahirishe, akasema Waziri.

— Waahirishe! Mama Buli akacheka mpaka akajifuta machozi. Umewahi kuzaa wewe?

— Nimekuwa karani maisha yangu yote, mama. Hakuna jambo lisiloahirishika.

Mwisho wa benchi alikaa Plasta, amejikunja. Tunamwita hivyo kwa sababu haipiti siku hajaenda kwa Msaidizi kupimwa presha, joto, au kuulizwa tu hali yake. Leo hajavuka barabara.

— Plasta, tumbo? nikamwuliza.

— Tumbo gani?

— Hilo ulilolishika.

— Halina kitu.

— Linauma?

— Litauma kesho! Niacheni.

Hapo hakuna aliyemcheka. Plasta hana mke wala mtoto, na kwa jinsi ninavyomjua, angekuwa anatapika damu angeimeza, mradi binti yule apande basi.

— Mnajua, akasema Mama Buli, siku nilipoungua na maji ya moto, alikuwa ananisafisha mkono huku ananipa pole. Kila akigusa, pole mama. Na mwenyewe alikuwa na njaa, hajala tangu jana yake. Mimi nilikuwa naona aibu kulia.

— Ndiyo maana namwambia Pancha tufunge barabara, akasema Waziri. Na kuku wafungiwe, wasije wakampitia mtu miguuni.

Alikuwa anaingia kwenye habari za kukusanya visu vya kijiji kizima, Msaidizi akatoka getini. Tumezoea kumwona na koti jeupe lenye madoa, ila leo alivaa gauni la njano, amesuka nywele, ana mkoba begani. Akavuka, akasimama karibu yetu, ndipo basi linaposimama.

— Binti, umependeza, akasema Mama Buli.

— Nisifuni nikishapanda. Pametulia?

— Hata chafya hakuna, Pancha akamjibu.

Akamtazama Plasta, macho yake yakakaa kidogo pale tumboni.

— Na wewe, mzee wangu?

— Mzima mimi! Nenda kamwone mama yako, mwanangu.

Basi likasikika mlimani. Msaidizi akarekebisha mkoba, na nikaona anatabasamu peke yake.

Ndipo akatokea yule kijana. Si wa kwetu. Alitoka njia ya mashambani, vumbi mpaka kwenye nyusi, amembeba mama mtu mzima mgongoni. Miguu ya mama ilikuwa inaning'inia, kiatu kimoja hakipo. Kijana akasimama mbele ya benchi.

— Samahani, wazee wangu. Dharura ni wapi?

Geti lilikuwa mbele ya pua yake. Waziri akafunga kifungo cha koti. Pancha akatazama kikombe. Mimi nikakitazama kiatu. Niseme kweli, niliona aibu, tena niliona uchungu, lakini kidole hakikunyanyuka. Kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake aonyeshe.

— Jamani, mama hapumui vizuri. Dharura ni wapi?

— Ni mimi, akasema Msaidizi.

Alikuwa ameshautupa mkoba mapajani kwa Mama Buli, ameshamlaza yule mama pale pale barabarani, sikio lake kifuani kwake. Akaniita nishike miguu. Tukavuka tukikimbia, gauni la njano mbele, naye anampigia muuguzi kelele alete oksijeni.

Niliporudi, basi lilikuwa limesimama na Pancha amejisimamisha mbele yake, anabishana na kondakta kwamba haliondoki. Mama Buli alikuwa ameshavua aproni. Alitazama mle mkobani. Mlikuwa na miwani ya jua, mpya, bado na karatasi yake.

— Toka mbele ya gari, Pancha, akasema. Nakwenda mimi.

— Wapi?

— Kwa mama yake. Huwezi kumfungua mtu macho akute ukuta.

— Utamwambia nini? nikamwuliza, naye ameshaweka mguu kwenye ngazi ya basi.

Akafikiri kidogo.

— Nitamwambia kuna mama mwenzake amemtangulia kufika kwa binti yake.

Basi likaondoka. Plasta akaanza kulia waziwazi, akasema ni tumbo, nasi tukakubali kwamba ni tumbo. Waziri akampeleka getini polepole, akimshika mkono.

Tulikaa sana. Mwishowe yule kijana akatoka, akajibwaga kwenye benchi letu.

— Anapumua, akasema. Ameshaomba kiatu chake. Daktari kaniambia nije ninywe kahawa hapa, nisije nikaanguka na mimi. Nani anauza?

Pancha akanitazama, nami nikamtazama.

— Kahawa haipo, ndugu yangu, nikamwambia. Imekwenda kumwona mama wa daktari.