Yai la Wilf Pruden

Wasikilizaji wapendwa, kahawa iko mezani? Haya, tumkumbuke Lorne Halvorsen wa hapa hapa Yorkton, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka mia moja kasoro miezi miwili. Mkulima wa ngano. Mtani asiyechoka. Na mtu ambaye kwa miaka hamsini hakugusa yai.

Mwaka 1944 Lorne alikuwa vitani, Uingereza, kwenye kikosi chetu cha ndege za mabomu. Alishika bunduki ya mkiani. Ndege moja, watu saba, na yeye peke yake nyuma kabisa. Mayai yalikuwa adimu. Aliyerudi salama kutoka Ujerumani alikaangiwa moja. Ndiyo maana vijana walitaniana kabla ya kupaa: usiporudi, yai lako langu.

Siku moja Lorne alishikwa na mafua, masikio yakaziba, daktari akamkataza kuruka. Kiti chake akapewa Wilf Pruden wa Dauphin, miaka kumi na tisa.

"Usinichafulie kiti," Lorne akamwambia.

"Kiti chenyewe kinanuka miguu yako, bwana wee."

"Nenda zako. Usiporudi, yai lako langu."

Alfajiri Lorne akakaa kantini kuwasubiri. Ndege nyingine zilirudi, ya kwao haikuonekana. Mpishi alikuwa ameshakaanga. "Kwa ukungu huu watakuwa wametua uwanja mwingine," akasema. "Kula hilo, linapoa." Lorne akaamini. Akala yai la Wilf. Tena akaongeza chumvi.

Hawakutua popote. Watu saba, wasikilizaji. Wote saba.

Binti yake, Marlys, aliniambia: "Baba akisikia mafuta yanachachatika kikaangoni alitoka nje, hata kwenye baridi ya Januari. Mama akaacha kukaanga mayai." Lorne aliogopa jambo moja tu, kuwaambia ndugu zake Wilf. Mwishowe, mzee wa miaka sabini, akaendesha gari hadi Dauphin kwa Verna, mdogo wake Wilf. Akaungama mlangoni, kofia bado kichwani.

"Ah, kaka Lorne," Verna akamwambia. "Wilf hakupenda mayai. Ya kwake alimpa mbwa."

Lorne alilia palepale. Tangu hapo alikula yai kila Jumapili, mpaka Jumapili iliyopita.

Jana nilimpigia Verna simu kumpa habari za msiba. Nikamuuliza, ni kweli kaka yako hakupenda mayai?

"Aliyapenda kupita kiasi," akasema. "Barua yake ya mwisho yote ni habari za yai. Lakini yule mzee alikuwa anatetemeka mlangoni kwangu. Ningemwambia nini? Sasa neno hili liseme wewe, mimi nimechoka kulibeba."

Marlys, pole sana, wewe na wanao. Verna, pole na wewe, mama. Na nyinyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjainuka mezani, wafikirieni wale saba. Mfikirieni zaidi Wilf, ambaye alilipenda yai lake.