Sufuria ya Mama Shalom

Mbele ya duka la Khalfan pale Alief, kati ya mlango na safu ya vigari vya kubebea bidhaa, kuna benchi refu la kanisani. Kanisa lililokuwa chumba cha jirani lilihamia jengo kubwa zaidi likaacha benchi hilo moja, na tangu hapo wanaume wa Jumamosi hukaa juu yake kunywa kahawa na kudanganyana. Ilikuwa mwezi wa kumi. Maboga yalikuwa yamepangwa mlangoni kwa sababu muuza jumla alisema ni msimu wake, ingawa jua la Houston liliunguza vilevile na hakuna mteja aliyeuliza bei. Khalfan, ambaye kijiwe kilimwita Sheria tangu afaulu mtihani wa uraia bila kukosa swali, alikuwa anamimina kahawa ya tangawizi. Kalume wa Malindi, dereva wa lori, aliitwa Gavana kwa ajili ya ahadi zake. Bisimwa wa Bukavu, waliyemwita Paleti kwa kazi yake ya ghalani, alikuwa amekaa mwisho wa benchi tangu saa tatu bila kugusa kikombe.

— Paleti, kahawa inapoa, alisema Khalfan. Umetoka shifti ya usiku uje kulala hapa?

— Silali. Minawaza.

Alikuwa amejiapiza kwamba hatasema. Lakini siku mbili za kukaa na jambo lile peke yake zilikuwa zimemchosha kuliko mizigo.

— Bibi yangu, Mama Shalom, anaenda Irving kesho, kwa dada yake Mado. Amesha kufunga valise.

— Kumsalimia?

— Apana. Ni juu ya chai.

Kalume aligeuka mwili mzima. — Buda, hiyo anza mwanzo.

Bisimwa akaanza mwanzo. Alhamisi asubuhi alirudi kutoka kazini miguu ikimuuma, akakuta sufuria jikoni inachemka polepole. Ndani mlikuwa na maganda ya machungwa, vijiti vya mdalasini, karafuu na vipande vya tufaha. Mtu aliyelelewa vizuri akikuta mdalasini na karafuu motoni anajua la kufanya. Alitia majani ya chai, maziwa na sukari, akanywa vikombe viwili kwa mkate.

— Ilikuwa tamu? aliuliza Kalume.

— Ilikuwa sawa dawa ya kikohozi. Mulikuwa na ka-jani kamoja kama ka mti wa Noël. Lakini nilikunywa tu, nilifikiri ameniwekea. Shalom akaingia, anasema, "Dad, that's a simmer pot. It's for fall." Minamuuliza, huyo Fall ni nani?

— Ni msimu, alisema Khalfan. Huu tulio nao.

— Na joto hii?

— Joto halimo kwenye sheria yao.

Bisimwa akaeleza alivyoelezwa na bintiye. Sufuria ile hainywewi wala hailiwi, kazi yake ni kuinukisha nyumba. Maji yakipungua unaongeza maji, kutwa nzima.

— Yaani pilau bila mchele, alisema Khalfan.

— Bila nyama pia.

— Na wageni wakija? Si watakaa kungoja sinia?

— Watu wa kanisa walikuja dimanche, kisha ibada. Walikaa mpaka saa kumi na mbili.

Kalume alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye suruali. Bisimwa hakucheka. Aliogopa sehemu iliyobaki, na njia pekee ya kuimaliza ilikuwa kuisema.

— Mama Shalom akatoka mu bafu. Hakunigombeza. Aliinama juu ya sufuria, akafunga macho, akavuta ule mvuke, akavuta tena. Njo akaanza kulia. Akasema, "Sisikii kitu tena, Bisimwa." Minamwambia, unisamehe, nitakununulia machungwa ingine. Nikaenda kulala. Nimeamuka, valise iko karibu na mulango.

Miaka kumi na tisa ya ndoa, kambi mbili za wakimbizi na watoto watatu, na sasa sanduku mlangoni. Khalfan aliweka chini chupa ya kahawa, ishara kwamba mahakama imeanza.

— Tulichambue neno lenyewe. Kwetu Tanga kusikia ni kwa masikio. Huenda mkeo haskii vizuri. Mpeleke akapimwe.

— Anasikia hata simu ikilia mu nyumba ya jirani.

— Sheria, achana na masikio, alisema Kalume. Hiyo ni feelings, bro. Mwanamke anakwambia haskii kitu, ame-move on.

Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha Bisimwa usingizi. Kwao mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia huruma. Husikia mtu pia, na siku moja anaweza kuacha kumsikia.

— Kuna dalili zingine? aliuliza Kalume, kwa sauti ya gavana anayetembelea mafuriko.

— Zamani nikitoka ku ghala, kabla sijakaa, ananituma nioge. Alikuwa anasema soksi zangu zinaweza kufungua mulango zenyewe. Sasa nakaa nazo karibu yake, hasemi kitu.

— Umeona? Ame-give up.

— Na maharagi. Ile wiki ilipita, iliungua mpaka alarm ikapiga, majirani wakatoka inje. Yeye alikuwa amekaa pale pale ku meza, anakunja nguo.

— Huyo anakuchomea nyumba taratibu, alisema Kalume.

— Ngoja, Khalfan akainua kidole. Wauza nyumba hapa Marekani huwaambia watu wachemshe mdalasini ili mnunuzi akiingia asikie raha. Mkeo anauza nyumba.

— Tunapanga, Sheria. Ni appartement.

— Basi anaficha harufu. Mnapika makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi?

— Tunapika. Zamani alikuwa anafungua madirisha yote. Siku hizi anafunga yote, anakaa mule ndani.

Kalume alisogea karibu.

— Haya mambo yalianza lini?

— Mwezi wa munane. Ile homa ilitulalisha nyumba nzima juma mbili. Alipoamuka njo akaanza masufuria. Mado alimufundisha ku telefone, kila siku aweke kitu kingine. Leo machungwa, kesho girofle, ile karafuu. Na kila siku anainama vile, Shalom njo aliniambia juzi; mie muchana ninalala.

— Homa ilimfungua macho, alisema Kalume. Sasa niskize. Mvuke, kila siku kitu kipya, macho yamefungwa, maelekezo ya dada. Hiyo ni dawa ya mganga, na ilikuwa ya nyumba. Wewe ukaitia maziwa ukainywa. Sasa iko ndani yako, na yeye hana tena kitu.

— Kwa maana hiyo Paleti ndiye anayepaswa kunukia, alisema Khalfan.

Wakamgeukia wote wawili wakamnusa. Wakakubaliana kwamba dawa haijaanza kazi.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mgeni, kigari chake kikiwa na mfuko wa unga wa muhogo, anamngoja Khalfan aje ampokee pesa. Hawakujua amesimama hapo tangu lini.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Hasikii nini?

— Kitu, alijibu Bisimwa. Alisema kitu.

— Kitu gani?

Khalfan alitikisa chupa ya kahawa ingawa alijua imekwisha. Yule mgeni, aliyejitambulisha kuwa Dorothea, hakuwa na lingine la kuongeza. Alitaka tu kulipa.

Bisimwa alibaki anatazama kikombe chake. Alimwona mkewe Élodie amefunga macho juu ya mvuke. Aliona maharagwe yanaungua hatua tatu kutoka alipokaa, na Shalom akipewa chupa ya maziwa ainuse kabla haijamiminwa, jambo aliloliona kila siku tangu ile homa na kulidhani mchezo wa mama na mtoto. Harufu. Mkewe alikuwa amemwambia kwa Kiswahili chepesi kabisa, naye akamjibu habari za machungwa. Aliona aibu hadi masikio yakapata moto.

Aliingia dukani akapita mdalasini, akapita karafuu, akaenda hadi rafu ya mwisho, kule makayabu yanakowekwa ndani ya mifuko mitatu kwa heshima ya wateja wengine. Akachukua samaki mkubwa kuliko wote, akaipasua mifuko na kuitoa mmoja mmoja. Dorothea alirudi nyuma hatua mbili.

— Paleti, gari zima litanuka, alisema Khalfan.

— Njo ninataka. Pengine hii ataisikia.

— Na Irving? aliuliza Kalume.

— Kesho nita-drive mwenyewe. Tutaenda wote.

Alimweka samaki kwenye kiti cha mbele, akapandisha vioo vyote juu na jua lile, akaondoka. Kahawa yake ilibaki kwenye benchi. Kalume aliinua kikombe, akainusa kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akainywa.