Wasifu wa Fundi Cheche, Aliyesubiri Jibu Miaka Kumi na Minne

Marehemu, tuliyemwita Cheche kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma, alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, mtoto wa pili wa baba mwashi na mama mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka huo watu wenye bunduki waliingia shuleni wakamuua mwalimu wa hesabu mbele ya ubao. Cheche alitoroka kupitia dirishani, na masomo yake yakaishia hapo.

Alifundishwa ufundi na mjomba wake, na tarehe 4 Juni 2003 akaoa. Tarehe 2 Agosti 2008 wapiganaji walimtaka awafungie mabati ya chuma kwenye magari yao. Alikataa katakata. Walimkata vidole viwili, wakamchinja kaka yetu mkubwa huku wamemshika kichwa atazame. Alivuka mpaka na mkewe na binti mchanga, akamfuata dada yake aliyekuwa ametangulia.

Aliomba hifadhi tarehe 17 Februari 2009. Katika ofisi ile, afisa akihamishwa, majalada yake hurudi mwisho wa foleni na mwombaji husimulia upya. Cheche alisimulia kifo kile kwa maafisa sita. Wa tano alipokuwa akiaga, Cheche alimwambia, "Mheshimiwa, mara hii nihamishe na mimi, maana kaka yangu nimechoka kumzika." Afisa alicheka. Dada yake, anayewasomea haya, hajacheka hadi leo.

Mwaka huu kilikuja kikosi cha kumaliza majalada ya zamani. Afisa wa saba, mama wa makamo, alimwambia, "Kaka, nimesoma yote. Leo usisimulie kitu."

"Kwa hiyo nikae tu?"

"Kaa, unywe maji."

Alikubaliwa. Ilibaki atie sahihi yake, tarehe 21 Oktoba.

Tarehe 19 vijana wenye marungu walivamia karakana wakipiga kelele, "Rudini kwenu!" Walimvunja taya, mbavu na mikono yote miwili. Daktari hakutuficha kitu. Na sheria ilikuwa wazi: mwombaji akifa bila kutia sahihi, jalada hufungwa, mke na mtoto wakarudishwa walikotoka.

Dada yake alikimbia ofisini. Afisa alilibeba jalada hadi wodini, ingawa ni marufuku kulitoa. Mke alilipaka wino dole gumba lililochomoza kwenye plasta, na Cheche akalikandamiza mwenyewe kwenye jalada, kwa maumivu tuliyoyasikia sote.

"Imetoka?"

"Imetoka, mume wangu."

Alifariki tarehe 20 Oktoba 2023, saa nane mchana.

Ameacha dada, mke, na binti wa miaka kumi na tano. Mke na binti wamesimama hapa kaburini kwa kibali halali, na hakuna wa kuwaondoa. Pumzika kwa amani, Cheche. Huko uendako hutaulizwa tena kaka yako alikufaje.