Wasifu wa Marehemu Kipimo, Mpima Maziwa wa Kituo cha Ushirika

Marehemu baba yetu, aliyejulikana na wengi kwa jina la Kipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951. Hivyo ndivyo asemavyo dada yake. Cheti cha shule kinasema 1953, na mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Chagueni mnaoupenda."

Alisoma hadi darasa la saba, kisha akahudhuria kozi ya miezi sita ya ukaguzi wa maziwa.

Mwaka 1979 yeye na wafugaji kumi na mmoja walifungua kituo cha kupokea maziwa katika stoo kuukuu nyuma ya josho la kuogeshea ng'ombe. Kutokana na maziwa hayo barabara ililimwa ili gari la maziwa lipite, na watoto wengi waliopo hapa wakasoma.

Mwaka 1982 alimwoa mama yetu, naye akawa mfugaji hodari. Asubuhi moja ya Agosti 1991 baba alipima maziwa ya mama, akapima tena, akayakataa mbele ya watu wote.

"Maji sijatia," mama alisema.

"Kipimo kinasema yana maji."

"Kwani unaishi na mimi au na kipimo?"

Baba alikwama kati ya wawili hao. Mkewe hakuwahi kumdanganya, na kipimo nacho hakikuwahi. Angempitisha mama, nani tena angekubali kukataliwa? Siku ishirini na mbili nyumba ilikaa na ugomvi huo. Ndipo daktari wa mifugo akagundua kwamba ng'ombe wa mama alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Daktari alipoulizwa kama ndiyo sababu ya kipimo kuonyesha maji, alisema huenda ndiyo, huenda siyo. Baba alizidi kuchanganyikiwa. Kesho yake alisimama mbele ya foleni ileile akasema, "Sijui kilichotokea. Ila niliyemwaibisha ni mke wangu, na ninamwomba radhi." Mama alimwambia ashike ndoo, watu wanachelewa.

Juni 2018 alipatwa na kiharusi, na maneno yakaanza kumpotea, ingawa kila asubuhi aliendelea kupima maziwa kituoni. Akitaka shuka, aliomba kiti. Sisi wanawe alituita kwa majina ya ng'ombe. Nasi tulitazamana tu, tusijue tucheke au tulie. Siku moja, akinywa chai, alimshika mama mkono akatamka wazi, "Hayakuwa na maji." Mpaka leo mama hajui kama alisema juu ya maziwa yale ya zamani au ya kikombe kile. Hakumuuliza. Alikaa naye mpaka chai ikapoa.

Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 6 Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na wafugaji mia mbili na arobaini ambao asubuhi ile walifika kituoni kama kawaida, wakasimama na ndoo zao wasijue wamkabidhi nani.

Baba, pumzika sasa kwa amani.