Mzizi wa Makongolosi

APOLONIA: Haloo? Nani huyo? Haloo—

OPERETA: Iringa, usikate. Chunya, ongea sasa. Dakika tatu.

LIBERATUS: Kamwene, dada Apolonia. Ni mimi, Liberatus.

APOLONIA: Kamwene, mdogo wangu. Pole sana. Telegramu ya msiba wa mkeo tumeipata, Isihaka alinisomea hapa hapa dukani kwake. Mmeshamzika Verediana?

LIBERATUS: Tumemzika jana, huku huku Makongolosi. Dada, nimepanda lori mpaka posta ya Chunya nikuulize neno moja tu. Ile dawa ya mama ya tumbo, yenye maua ya njano.

APOLONIA: Imefanya nini?

LIBERATUS: Ndiyo niliyompa Verediana. Tumbo lilimshika Jumatatu, Jumatano akafa. Dresa wa zahanati ya mgodini akaniuliza nilimnywesha nini, nikamwonyesha. Akainusa, akanirudishia. Na watu nao wana midomo.

APOLONIA: Uliichimba wapi?

LIBERATUS: Kando ya mashimo ya dhahabu. Kila mwaka inachipua pale pale, sawa na ya kwetu. Nilikwenda alfajiri, sijatia kitu mdomoni. Nusu ya mzizi nikaiacha ardhini, shimo nikalifukia, vile vile alivyotufundisha mama. Sikuruka hata moja, dada.

APOLONIA: Jani lake likoje?

LIBERATUS: Jembamba.

APOLONIA: Kwa chini lina manyoya?

LIBERATUS: Hapana, laini tupu. Ninayo hapa mkononi, imenyauka lakini— (mkwaruzo)

APOLONIA: Sikusikii. Mzizi, Liberatus. Ukiukata, ndani una rangi gani?

LIBERATUS: Mweupe. Unatoa maziwa. Dada? Dada? Imekatika?

APOLONIA: Nipo.

LIBERATUS: Ndiyo yenyewe? Niambie. Tangu juzi sijafumba jicho. Kama ni mimi niliyemuua—

APOLONIA: Ndiyo yenyewe.

LIBERATUS: Una hakika?

APOLONIA: Ninayo. Siku zake zilifika, mdogo wangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Usijitese.

LIBERATUS: (analia) Ahsante. Umenitua mzigo, dada. Ahsante. Basi na Imelda nimekuja naye, yuko hapo barazani. Naye tumbo limemwanza jana. Chupa ninayo mfukoni, nilikuwa naogopa tu. Nikitoka hapa nampa—

APOLONIA: Usimpe.

LIBERATUS: Eh?

APOLONIA: Usimpe mtoto, Liberatus.

LIBERATUS: Si umesema ndiyo—

APOLONIA: Nimekudanganya. Ya mama ndani ni nyekundu kama nyama, na jani lina manyoya. Maua tu ndiyo yanafanana. Hiyo ya maziwa mama alitukataza hata kuigusa kwa jembe. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Nilitaka upate usingizi, basi. Imwage. Mpeleke Imelda hospitali hapo hapo Chunya, sasa hivi.

(Mkwaruzo.)

OPERETA: Chunya, dakika tatu zimekwisha.

APOLONIA: Bwana, tafadhali, tuachie kidogo. Liberatus, umenisikia?

LIBERATUS: Nimesikia.

APOLONIA: Umemwaga?

LIBERATUS: Namwaga. Dada.

APOLONIA: Nakusikiliza.

LIBERATUS: Kikombe cha kwanza Verediana alikitema. Akasema, siyo hii, Baba Imelda, ile ya mama mkwe haikuwa chungu hivi.

APOLONIA: Basi, mdogo wangu. Nenda kwa mtoto.

LIBERATUS: Nikamwambia anadeka. Nikachota cha pili, nikamshika kichwa—

OPERETA: Iringa, weka simu. Chunya ameondoka.