Friji ya Chanjo Ilizima

Katika taksi ya kutoka Kamanyola, Mama Pétronille alimpakata mjukuu wake, aliyechomwa chanjo Jumanne. Mbele yake wauguzi wawili wa vituo tofauti waliongea.

"Chef wetu, mkubwa wa kituo, ukimwambia 'nimekosea', anasema aksanti," alisema Noella.

Victoire alimtazama kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. "Weye uko na bahati. Miye nikisema friji ya chanjo ilizima siku mbili, chef wangu ananipa barua ya kujieleza mbele ya wote. Basi tunanyamaza, tunachoma tu hizo hizo zilizoharibika kwa joto."

"Na watoto?"

"Usinihubirie. Unipe chef wako, nitakuwa mtakatifu kukupita."

Mama Pétronille akamgusa bega. "Binti yangu, ni kituo gani hicho?"

Taksi ikasimama Kilibula. Victoire akafungua mlango, akashuka.