Maisha ya Dada Subiri na Njia ya Umeme ya Kinamasini

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokuwa nasi tangu msiba huu ulipotufika, mimi ninayesimama hapa ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, nami nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo nimeikubali kwa sababu haikataliki, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba yapo mambo humu ambayo wengine wetu tungependa yapite kimyakimya, lakini mume wake, ambaye ameketi hapa mbele, aliisoma karatasi hii jana mchana, akainyoosha vizuri gotini, akanirudishia na kuniambia, "Shemeji, soma yote, usiruke hata mstari mmoja."

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mama yetu aliyekuwa mshonaji, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno, ila watu hawakumwelewa tu. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaimaliza 1974, akachaguliwa kuingia sekondari ya wasichana ya bweni, ambako nusura afukuzwe katika kidato cha pili kwa kosa la kuficha chini ya kitanda chake bundi aliyevunjika bawa, wenzake wakakimbia bweni zima wakipiga mayowe kwamba bundi ni mkosi, naye mbele ya mwalimu wa zamu akauliza kama ndege mwenye bawa lililovunjika ana mkosi gani zaidi ya huo wake mwenyewe. Alichapwa, bundi akapona, na mwaka 1981 dada akajiunga na chuo kikuu kusomea elimu ya viumbe, akahitimu mwaka 1984.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu wa sekondari, kuanzia Januari 1985, na huko ndiko alikokutana na mume wake, mhandisi kijana wa shirika la umeme aliyetumwa kuunganisha umeme kwenye maabara ya shule, ambaye baada ya kumaliza kazi aliendelea kuja "kukagua" nyaya zisizokuwa na ubaya wowote, hata mkuu wa shule akauliza kama maabara ile imeshikwa na ugonjwa. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto wawili, kifungua mimba wao ni binti ambaye leo ni mfamasia, na wa pili ni kijana aliyerithi kazi ya babu yake ya kuchomelea vyuma. Nyumbani dada alimwita mume wake Mhandisi, kwa utani na kwa heshima pamoja, naye mume alimwita Mama Watoto akiwa na furaha na Mwalimu akiwa amekasirika, kwa hiyo sisi wageni tulijua hali ya nyumba kabla hatujakaa.

Mwaka 1993 aliacha ualimu akaingia idara ya mazingira, na mwaka 2002 akahamia kampuni binafsi ya ushauri, kazi yake ikiwa ni kutathmini athari za miradi mikubwa kwa mazingira, yaani barabara, kiwanda au bwawa likitaka kujengwa, yeye na wenzake hutangulia kutazama ni nini kitakachoumia, maji, miti, wanyama au watu, na wajengaji wafanye nini ili madhara yapungue. Huko ofisini ndiko alikopewa jina la Dada Subiri, maana kila aliposukumiwa ripoti atie sahihi neno lake la kwanza lilikuwa, "Subiri kwanza," na wapo waliolitamka jina hilo kwa mapenzi na wapo waliolitamka huku wakitazama saa.

Mwaka 2009 kampuni yake ilipewa tathmini ya njia mpya ya kusafirisha umeme wa msongo mkubwa, kutoka bwawa la kuzalisha umeme hadi mji huu wetu, minara ya chuma ikipita vilimani, kisha ikikata katikati ya kinamasi kikubwa, na mume wake ndiye aliyekuwa mhandisi msimamizi wa kipande hicho cha kinamasini. Dada aliomba akione kinamasi wakati wa kiangazi na pia wakati wa mvua, meneja wa mradi akamjibu, "Wafadhili hawasubiri mvua, Dada," na wiki hiyohiyo daktari wa upasuaji wa hospitali yetu alifika ofisini kwao, akawaeleza jinsi jenereta lilivyozimika wakati mama mmoja yuko mezani amefunguliwa tumbo, na jinsi walivyomaliza kazi ile kwa mwanga wa simu. Dada aliniambia baadaye kwamba maneno ya daktari yalimkaa kifuani kama mfupa, akaenda kinamasini katika kiangazi kikali, akakuta ardhi imepasuka na mbuzi wanatafuna matete makavu, wenyeji wakamwambia ndege wakubwa huja na mvua, akaandika kwamba jambo hilo linahitaji uthibitisho, kisha, yeye ambaye alikuwa hodari wa kusubiri, akatia sahihi.

Umeme ulifika mjini Oktoba 2012, na sote tuliokuwepo tunakumbuka furaha ile, hospitali iliwaka usiku kucha na wauguzi wakawa wanawasha na kuzima swichi kama watoto, na dada alikuwa miongoni mwa walioshangilia. Lakini masika yaliyofuata, mwanzoni mwa Aprili 2013, alipigiwa simu na mwalimu mkuu wa shule iliyo kando ya kinamasi, akamwambia, "Njoo ujionee mwenyewe, dada yangu, watoto wanaokota korongo chini ya nyaya wakija shule." Mimi ndiye niliyemwendesha, maana gari la ofisi alinyimwa, tukafika asubuhi ukungu haujainuka, na kinamasi kilichokuwa jangwa sasa kilikuwa maji matupu na majani, na korongo wa vishungi wakiruka makundi kwa makundi kutoka walikolala.

Tulichokiona nitakieleza kwa kifupi. Ndege wale walipoufikia mstari wa umeme waliziona nyaya nene, wakainuka kuzipita kwa juu, na hapo juu kabisa upo waya mmoja mwembamba, uliowekwa kuikinga njia na radi, ambao katika ukungu hata mimi sikuuona mpaka dada aliponishika kidevu akanielekeza, na ndio waliougonga. Chini yake walikuwa wameanguka kadhaa, mmoja bado hai, bawa limening'inia, na mwenzake amesimama pembeni yake akizungukazunguka, hamwachi wala hajui la kufanya, nasi tulipokaribia hakukimbia. Dada hakulia, alirudi akaketi kwenye bampa la gari lililojaa matope, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hawa wameuawa na sahihi yangu."

Jioni tuliporudi nilikuwepo mezani kwao, na kwa ruhusa ya shemeji nayasema yaliyosemwa. Dada alimweleza mume wake kwamba Juni kutakuwa na mkutano wa hadhara wa awamu ya pili ya njia ile, naye atasimama aseme kwamba tathmini ya kwanza ilikosea. Shemeji aliweka kijiko chini.

"Mwalimu, ukisema ripoti yako imekosea, watasema na minara yangu imekosea."

"Minara yako imesimama vizuri, Mhandisi. Aliyekosea ni mimi."

"Watu hawatenganishi hivyo. Tunalala kitanda kimoja, watasema tulipanga pamoja. Unajua nimebakiza muda gani kustaafu?"

"Najua."

"Na bado utasema?"

"Nisiposema, awamu ya pili itaandikwa kwa kunakili ya kwanza. Ndivyo tunavyofanya kazi, usijifanye hujui."

Shemeji aliinuka, akaenda kulala bila kula, na mimi nilikimaliza chakula changu kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Tarehe 20 Juni 2013, ukumbini, mbele ya wananchi, maofisa na wafanyakazi wenzake, dada alisimama na kusema kwamba yeye ndiye aliyeongoza tathmini ya kinamasi, kwamba alikitazama msimu mmoja tu, na kwamba alichoandika hakikuwa kweli yote. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, unataka utuzimie taa kwa ajili ya ndege?" ukumbi ukacheka, naye akangoja kicheko kiishe, akajibu, "Sitaki izimwe hata taa moja, baba. Nataka ule waya uonekane, uvishwe alama, na huko mnakotaka kwenda sasa mkatazame mvua ikinyesha kabla hamjachimba shimo." Mwezi uliofuata kampuni ikaachana naye, na tarehe 2 Septemba 2013 bodi inayosimamia watathmini ikasimamisha leseni yake ya utathmini kwa kosa lile alilolitaja kwa mdomo wake, na leseni hiyo hakurudishiwa mpaka anafariki. Shemeji alihamishiwa bohari ya mita, kuhesabu masanduku, na wenzao wengi, watu waliokuwa wakila na kunywa katika nyumba hii, wakaacha kupita.

Hiyo ilikuwa miaka migumu, na sitaipaka rangi. Mume na mke walikaa nyumba moja wakizungumza habari za chumvi na funguo tu, binti yao alikuja likizo akaondoka kabla ya siku zake, na dada alifundisha masomo ya ziada sebuleni, na kila masika alipanda basi peke yake kwenda kinamasini, akatazama, akaandikia shirika, hakujibiwa, akaandika tena. Niliwahi kumwambia aache, nikamwambia korongo hawatamshukuru, akanijibu, "Hata watoto wa shule hawanishukuru, na bado nasahihisha."

Masika ya mwaka 2015 alikuwa amejiandaa kwenda stendi alipomkuta shemeji amekaa kwenye gari, injini inanguruma, akamwambia tu, "Panda, Mama Watoto, mvua inakuja." Walisimama pamoja chini ya minara yake mwenyewe, na shemeji ameniambia kwamba aliona kwa macho yake korongo mmoja akiugonga ule waya, na mlio wake haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mtu amegusa kamba ya kuanikia nguo, na njiani wakirudi akamwambia mke wake, "Waya ule mimi nilikuwa nauona kwenye mchoro tu." Wiki hiyo alianza kuchora namna alama zinavyoweza kufungwa bila kuzima umeme kwa muda mrefu, akaipeleka michoro hiyo makao makuu, akafukuzwa mlango mmoja akabisha mwingine, na mwishoni mwa mwaka 2016 mafundi walipanda minara ya kinamasini wakavisha waya wa juu alama zinazoonekana kwa mbali. Vifo vilipungua sana, havikuisha. Tulipompongeza dada alisema kupungua si kuisha, na alikuwa na haki, kwa sababu awamu ya pili ilijengwa hivyohivyo kando ya ziwa, kwa ripoti ya watu wengine, na hadi leo ninaposoma haina alama hata moja.

Afya yake ilianza kuyumba Februari 2020, miguu ikawa inavimba na pumzi inamkatikia ngazini, madaktari wakagundua kwamba moyo umepanuka, akawa wa kuingia na kutoka hospitali, na shemeji ndiye aliyemvalisha viatu kila asubuhi. Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 11 Agosti 2023, akiwa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua, na hata hapo hakuacha utani wake, alimwambia muuguzi, "Umeme huu niliutathmini mimi, mwanangu, usije ukanikatikia." Siku mbili kabla hajafariki walifika vijana watatu watathmini wa siku hizi, ambao walizoea kumletea ripoti zao azisome japo hana leseni, wakamwambia wamegoma kutia sahihi mradi fulani mpaka wauone masika, na wanaogopa kazi zao, naye hakuwapa moyo wa uongo, aliwaambia, "Ogopeni, ni haki yenu. Ila msisaini." Alifariki tarehe 22 Agosti 2023, saa nne asubuhi, mume wake na watoto wake wakiwa wamemzunguka, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao walimvumilia mgonjwa aliyetaka kuelezwa kila kidonge, tunawashukuru majirani ambao tangu Jumanne hawajaturuhusu kuosha hata kikombe, tunamshukuru mwalimu mkuu wa shule ya kinamasini aliyesafiri kuja, na tunawashukuru wanafunzi wa marehemu, wa zamani na wa juzi.

Na tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ile kampuni, na wenzake shemeji wa shirika la umeme. Najua mpo, nimewaona tangu asubuhi mmesimama nje ya lango, chini ya jua, hamuingii wala hamuondoki. Ndugu zangu, hakuna atakayewauliza kitu hapa leo, na mwenye msiba mwenyewe, shemeji yangu, ameniagiza niwaambie kwamba mstari huu wa mbele, upande wake wa kulia, ameuacha wazi kwa ajili yenu, kwa hiyo tafadhali ingieni, mketi naye, tumzike pamoja.

Dada yetu, ulichoka na hukusema, sasa pumzika, na amani iwe nawe.